Shujaa wa Zamu

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Nimefunga ofisi yangu ya uwakili, Kilosa mjini. Miaka tisa ya kesi za mipaka na mbuzi, basi! Sasa natengeneza sinema. Kamera ya kuazima, mkanda kidogo, hakuna kurudia. Hadithi: kijana wa Masanze anafukuza nyani kwenye shamba la kijiji, kisha anaoa. Mke wangu Perpetua kauliza, ikidoda je? Wakili Oswald, jirani wa ofisi, kasema atanipokea niwe karani wake. Karani! Mimi!

Mkataba na kijiji nimeuandika mwenyewe. Ili nionekane mjamaa kweli, kifungu cha tatu kinasema kijiji kitatoa shujaa mmoja kila siku. Mwenyekiti, Mzee Lazaro, katia sahihi mbio mbio.

Jumanne, 6 Agosti
Shujaa ni Kasian. Mrefu, kifua kama mlango. Kawatimua nyani mpaka nao wakaigiza vizuri. Oswald atajuta.

Jumatano, 7 Agosti
Kasian hayupo. Kaja Onesphory: mfupi, kipara, anakohoa. Nikamwamkia Mzee Lazaro shikamoo, nikauliza kulikoni. Kaitikia marahaba, kisha kaeleza kwamba sinema ni kazi ya kijiji kama palizi, ina zamu, na ya Kasian imekwisha. Nikamtishia mahakama. Kwa adabu kabisa akaniomba nisome kifungu cha tatu. Nikasoma. Nani kaandika upuuzi huu?

Nikamvika Onesphory kofia. Kaivua. Anataka mama yake amtambue.

Alhamisi, 8 Agosti
Siku ya harusi. Bibi arusi ni Ida. Yeye sikumtaja kwenye mkataba, ndiyo pona yangu. Lakini zamu ya shujaa imemwangukia Bi Mwanakheri, miaka sitini na ushee, bibi yake Ida mwenyewe! Kakataa katakata: tangu Ida azaliwe anamwita mke mwenza, leo amuoe vipi? Nimembembeleza asubuhi nzima. Kakubali kwa sharti apewe koti langu la mahakamani, liwe lake. Nimetoa. Sitalihitaji tena.

Jumamosi, 31 Agosti
Onyesho, Masanze. Shujaa aliingia kichakani mrefu, akatoka kipara, akaoa akiwa bibi kizee. Oswald kacheka mpaka miwani ikamdondoka. Nilitamani ardhi inimeze. Wanakijiji wao walipiga vigelegele kila walipomwona mtu wao, wakaomba irudiwe, ikarudiwa, wakaomba tena. Kisha wakanishtaki kwa Mzee Lazaro: wenye zamu ya Ijumaa hawamo kwenye sinema, kwa kuwa nilimaliza kupiga Alhamisi. Oswald kanikumbusha kwamba meza ya karani ipo. Imeniuma, sikatai.

Jumapili, 1 Septemba
Perpetua kasema bila shaka sasa nimejifunza. Nimejifunza sana. Kosa lilikuwa watu. Watu wana zamu, tembo hawana. Sinema mpya itakuwa Mikumi, na shujaa ni tembo. Barua ya kwenda hifadhini iko tayari, na mkataba nimeuandika mwenyewe baada ya misa. Kifungu cha tatu: hifadhi itatoa tembo mmoja kila siku.