Wapagazi wa Mwilini Mwangu Wahesabiwe

Njia ya Kwihara, Tabora
4 Desemba 1985

Ndugu Mwenyekiti Masolwa,

Shikamoo. Mimi ni Paskazia, mama wa Shilinde wa miezi minne, yule mnayemsikia akilia mpaka kwako. Juzi umeandika jina langu kwenye ubao wa ofisi, chini ya neno WAVIVU, kwa kuwa nilikutwa nimelala saa nne asubuhi wenzangu wakilima shamba la kijiji. Naomba lifutwe, nami nipewe siku saba za kulala. Sababu ninazo.

1. Sikulala bure. Mwalimu Kornel wa elimu ya watu wazima ametuchorea kwamba mwili ni vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na katika kila chumba wamo wapagazi. Wana miguu miwili, wanatembea juu ya kamba, na mzigo unawazidi ukubwa. Babu zetu walibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo, kwa hiyo kazi hiyo tunaijua. Tofauti ni kwamba babu walikuwa wakifika.

2. Mpagazi akiwa peke yake hatembei sana, huteleza akaachia kamba. Ndiyo maana hubeba kwa kundi: mmoja akianguka, wenzake wanaushikilia mzigo mpaka apande tena. Huo ni ujamaa, Ndugu Mwenyekiti, na mimi nilikuwa nao kabla hatujahamishiwa hapa.

3. Kundi lenyewe halina kirangozi wa kuongoza msafara wala mnyapara. Wengine wanavuta mzigo kwenda nje, wengine kurudi ndani, unabaki katikati unatetemeka. Mimi hali hiyo naisikia kila alfajiri, nusu yangu ikitaka kuamka. Ukiniongezea jembe, nani atawaamua?

4. Maziwa ya Shilinde nayo wanayabeba hao hao. Umeagiza kila kaya itoe watu wawili shambani, sawa. Mimi ninao wengi kuliko mkoa mzima, na wote wako kazini hata nikikoroma. Basi kwa haki, kijiji ndicho kingekuja kunisaidia mimi.

5. Kwa kuwa nina watu, kazi na ushirikiano, naomba niandikishwe kuwa kijiji kinachojitegemea. Nipewe muhuri. Mwenyekiti nitakuwa mimi, na wewe ukija kunitembelea utapiga hodi.

Mkeo namsalimu sana, na mwanenu Modest, na yule ng'ombe aliyezaa, naye anajua ninachosema.

Ni mimi mwananchi wako, kitandani,
Paskazia Bundala

Nyongeza: Nimekosa wa kuileta barua, nikaileta mwenyewe, mtoto mgongoni. Ofisini hukuwapo, wakasema uko shambani. Huko nako sikukuona, ila nimekuta matuta ya watu yote yamelimwa, yangu tu yana majani. Nikaona haya, nikaazima jembe. Sijafika katikati, jirani yangu Kuluthumu na wengine watatu wakaingia bila kuitwa, huku wakiniuliza kama kitanda kimenipa ruhusa. Tumemaliza Shilinde hajaamka. Kwa hiyo zile siku saba ziache, na habari ya muhuri pia. Jina langu usihangaike nalo. Nililifuta kwa khanga nilipopita ofisini.