Pikipiki Namba Saba ya Marehemu Baba

Jumanne, 2 Agosti 1994
Tangazo limebandikwa mlangoni pa duka la vipuri la Beda. Mzee Shedrack, fundi mstaafu, anawaita wenye pikipiki za zamani za mashindano wakutane Jumamosi uwanja wa mpira. Watakuja hadi wazee wa Mbala, Zambia. Pikipiki itakayopendeza kuliko zote itaongoza msafara kuingia mjini. Beda kaja kwenye meza yangu ya mitumba kujigamba kwamba ameagiza pikipiki ya Norton kutoka Mbeya. Siku hizi kila kitu kinaagizwa! Nikasikia mdomo wangu ukisema marehemu baba alishinda mashindano Mbala mwaka 1962. Hakuna aliyeniuliza. Baba! Fundi baiskeli, mtu wa kusinzia kanisani. Ila pikipiki aliiacha, BSA nyeusi. Ipo stoo, nyuma ya magunia ya mahindi.

Jumatano, 3 Agosti
Nimeitoa. Kuku wa Coleta alikuwa anaatamia juu ya kiti. Nimemhamisha na mayai yake yote, kwa heshima. Coleta hajaniongelesha tangu asubuhi. Mke mwingine angejali historia.
Mpango: kuchora namba ya mashindano ubavuni mwa tangi. Nikasugua kwa msasa nipate pa kuchora. Ajabu! Chini ya rangi nyeusi kuna duara jeupe, na ndani yake namba 7. Nikakaa chini vumbini. Mtu anayepaka rangi juu ya namba yake mwenyewe anaficha nini?

Alhamisi, 4 Agosti
Nimemuuliza mama. Masikio yake ni mazima, lakini leo hakusikia. Nikarudia mara tatu. Akasema ugali unaungua. Ugali haukuwa hata motoni.
Sokoni hadithi imekua yenyewe. Asubuhi baba aliwashinda Wazungu watatu, mchana wakawa tisa. Beda akataka mashahidi. Nikasema wamekufa. Wote? Wote. Akasema basi poleni sana huko Mbala.

Ijumaa, 5 Agosti
Imewaka! Plagi mpya, petroli hadi shingoni mwa tangi, nikaisukuma mteremkoni. Mlio ule! Watu walitoka majumbani. Breki sikuwa nimezikagua. Nilisimamishwa na rundo la ulezi la jirani yetu Kristiana. Akauliza kama baba naye alikuwa anasimama hivyo. Alasiri nzima nimemwokotea ulezi wake. Punje za ulezi ni ndogo sana.

Jumamosi, 6 Agosti
Pikipiki sita tu, lakini uwanja ulijaa. Harufu ya oili iliyoungua. Wazee wakigusa matangi kama mtu anavyogusa shavu la mjukuu. Norton ya Beda ilipendeza, nakiri, ila haikuwaka. Nikiwa katikati ya hadithi ya wale Wazungu tisa, akaja mzee mwembamba kutoka Mbala, anaitwa Loth. Kofia ya ngozi, miwani ya vumbi, bila pikipiki. Akapiga magoti mbele ya namba 7.
“Wewe ni mtoto wa Marselino,” akasema.
Nikatoa shikamoo kubwa ili Beda asikie. Shahidi! Tena hai! Nikawaita watu wote, nikamwomba mzee asimulie baba alivyoshinda.
Akasema kweli baba aliongoza, tena kwa mbali. Ikabaki kona moja.
“Hakukata kona, mwanangu. Alinyoosha. Akavuka mpaka, akaja kwao Ufipa. Mimi nikabaki na bendera mkononi hadi jua likazama. Pikipiki ilikuwa yangu. Nilimwazima tu.”
Kicheko cha Beda, cha kwanza. Sikujua uso nikauweke wapi.
Mzee Loth hakukasirika. Aliomba kitu kimoja: aizungushe mara mbili. Ningekataaje? Akavaa miwani, akalala juu ya tangi kama kijana. Mzunguko wa kwanza tulishangilia. Wa pili, kwenye kona inayotazama barabara ya Matai, ile iendayo mpakani, hakukata.
Tulisikiliza mlio hadi ukaisha.

Jumapili, 7 Agosti
Nimemweleza mama. Amecheka hadi akafuta macho kwa khanga. Kumbe siku ile babu mzaa mama alikuwa amempa baba hadi jioni aje kuposa, la sivyo binti anaozwa kwa mwingine. Baba akafika mwekundu kwa vumbi, akasema kona ilimpita. Na kuirudisha pikipiki? Kila mwaka alisema mwakani. Aliona haya.
Nimekaa na mama kibarazani. Kwa hiyo baba aliwahi.

Jumatatu, 8 Agosti
Sikukuu ya wakulima. Mvuvi mmoja anasema Jumamosi ijayo Kasanga kutakuwa na mashindano ya mitumbwi ya zamani. Nimemwambia babu mzaa mama alikuwa bingwa wa ziwa zima. Mama anasema babu aliogopa hata kuvuka kijito. Hayo ni mambo ya ndani ya familia. Lori la Kasanga linaondoka kesho asubuhi. Nimeshafunga mzigo.