Jino la Mpangaji

Shavu la kushoto lilikuwa limekwisha, laini kama la mtoto, na la kulia bado lina povu, Sukari alipomwona nyoka. Wembe ulikuwa chini ya kidevu chake wakati huo, kwa hiyo hakuruka. Mtu mwenye wembe shingoni hujifunza subira hata kama nyumbani kwao haikufundishwa.

"Fundi," alisema kwa midomo iliyobanwa, "kile kitu kwenye sanduku la kioo ni mkanda au ni nyoka?"

"Nyoka," alijibu kinyozi. "Chatu mdogo. Tunamwita Mpangaji, maana anakula, analala, na kodi halipi. Usihofu, kaka, hana sumu. Nimemweka pale dirishani watu wasimame wamtazame. Mtu akishasimama namwambia, ingia ndani, nywele hizo zimekuwa nyingi."

Sukari alifumba macho. Kinyozi alidhani mteja anafurahia taulo la moto, kumbe mteja alikuwa kazini. Nyoka asiye na sumu, aliwaza, maana yake ni kuumwa bila kufa. Kinyozi anayefuga nyoka katikati ya wateja, maana yake ni mtu mwenye hofu ya kushtakiwa. Na nje, ukutani, ilikuwa imeegeshwa pikipiki nyekundu ya kinyozi, imeoshwa mpaka inang'aa.

Ieleweke kwamba Sukari hakuwa mwizi. Neno hilo lilimuudhi. Mwizi huchukua, yeye hupewa. Alikuwa amewahi kupewa redio, kitanda, na suti ya bwana harusi siku moja kabla ya harusi, na kila aliyempa alimshukuru kwanza. Jina lenyewe la Sukari alilipata kwa ajili ya ulimi. Shida yake ilikuwa moja tu: mitaa yote inayofikika kwa miguu ilishamjua. Ulimi ulikuwa mzima, masikio ndiyo yaliyokwisha. Akipata magurudumu, angeupeleka kwa watu ambao hawajausikia.

Kesho yake alirudi kunyoa kichwa kisichokuwa na cha kunyolewa. Kinyozi alipotoka kumwaga maji machafu, mteja wa kitini akiwa amefunikwa taulo la moto usoni, Sukari alifunua kifuniko cha lile sanduku la kioo na kuingiza mkono wa kushoto. Aliuchagua kwa makusudi. Wa kulia alikuwa akila nao chakula na kuwasalimia nao watu wa maana.

Nyoka, kinyume na sifa za ukoo wake, alikuwa na adabu. Alivingirishwa, akagongwagongwa kichwani kwa kidole, akavutwa mkia, akavumilia. Sukari akaanza kumdharau. Ndipo alipokumbuka paja la kuku alilolifunga kwenye karatasi kwa ajili ya mchana. Alijipaka mafuta ya kuku chini ya kidole gumba, akarudisha mkono.

Mpango ulikuwa apige kelele kwa mpangilio mzuri, kidogo kidogo, zikipanda. Meno yalipoingia aliusahau mpango wote. Alipiga kelele za kweli na kuuvuta mkono kwa nguvu zote alizozaliwa nazo.

"Nimeumwa! Jamani, nimeumwa!"

Kinyozi alikimbia hadi zahanati iliyokuwa ng'ambo ya barabara na kurudi na shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, muuguzi wa chumba cha vidonda. Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri. Alikuwa mwanamke wa sauti ndogo, ya mtu aliyezoea kuzungumza na watu wanaotaka kulia. Hakuuliza maswali. Aliushika mkono wa Sukari, akauweka chini ya bomba, akaupaka sabuni, akaacha maji yatiririke.

"Mnyonye sumu, Shangazi!" alisema mteja mmoja aliyekuwa amenyolewa nusu.

"Sumu ipi? Huyu ni chatu. Nikimnyonya nitanyonya sabuni." Aliendelea kuosha. "Lakini mdomo wa nyoka si birika la chai. Juzi amekula panya, na panya hakupiga mswaki. Kitakachomsumbua huyu ni uchafu. Haya kijana, una sukari?"

"Mimi ndiye Sukari."

Saluni ikacheka. Shangazi hakucheka.

"Naulizia ugonjwa. Wenye sukari vidonda vyao ni vizito kupona."

"Sina. Mimi sijawahi kuumwa."

"Leo umeumwa," alisema Shangazi, na saluni ikacheka tena.

Alimpeleka zahanati, akamchoma sindano ya pepopunda, akamfunga bandeji nyeupe, nyembamba. "Usiloweshe. Usipake kitu chochote. Kesho uje nikifungue nikitazame, na keshokutwa, mpaka nitakapokwambia basi. Pakiwa pekundu, pakiwa pa moto, pakivimba, usingoje kesho."

Kinyozi, kwa huruma na kwa hofu, alimpa Sukari chumba cha nyuma ya saluni, penye makopo ya rangi ya nywele na kamba ya taulo, apumzike mpaka apone. Huko, mlango ulipofungwa, Sukari alifungua bandeji kuangalia mtaji wake.

Alisikitika sana. Kidonda kilikuwa kisafi. Vitundu vidogo, mistari miwili, kama mshono wa fundi cherehani mwenye haraka. Nani atampa mtu pikipiki kwa ajili ya vitundu vya sindano?

Alitazama huku na huku. Juu ya sinki palikuwa na dawa ya meno ya kinyozi, na chini ya kitanda dawa ya viatu, nyeusi. Alichanganya. Akapaka kwa ustadi, nyeupe ndani, nyeusi pembeni, akajifunga kitambaa cha kufutia mashine za kunyolea. Akajitazama kwenye kioo na kuridhika. Sasa huo ndio ulikuwa mkono wa mtu aliyeonewa.

Asubuhi hakwenda kwa Shangazi. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, kati ya kioo cha nyoka na mlango, akaugulia. Watu wakajaa. Zamani walisimama kumtazama nyoka. Sasa walitaka kumwona nyoka na aliyeumwa, kisha wapime kwa macho umbali kati yao. Kinyozi alinyoa mpaka mashine zikachemka.

"Pole sana, bosi wangu," alimwambia Sukari walipopumua. "Nifanye nini uridhike?"

"Mimi sidai kitu, kaka. Mwingine angekwenda polisi akasema kuna chatu saluni. Mimi kwetu tulifundishwa kuvumilia." Sukari alishusha pumzi ndefu. "Ila kazi yangu ni ya kutembea, na mtu mgonjwa hatembei. Laiti ningekuwa na kitu cha kunibeba. Baiskeli hivi. Au kitu cha jamii hiyo, chekundu."

Kinyozi alikuna kichwa. "Ngoja niongee na Shangazi."

"Shangazi usimsumbue, ana wagonjwa."

Siku iliyofuata mkono uliamka kabla ya mwenyewe. Ulikuwa umejaa, unapwita, na ngozi inang'aa kama ile pikipiki. Sukari alianza kuugulia akiwa bado kitandani, peke yake, mlango umefungwa. Alishtuka. Maishani mwake hakuwahi kuugulia bila watazamaji. Hiyo ni kazi ya bure. Alijua afanye nini: avuke barabara. Lakini aliijua pia kazi yake. Akivuka, Shangazi atafungua kitambaa, ataona dawa ya viatu, na pikipiki itakuwa imekwenda. Leo tu, alijiambia. Kinyozi ameshalegea kama ugali wa maji. Avumilie leo tu.

Alivumilia leo. Mchana akatetemeka kwa baridi wakati wateja wanajipepea. Ndipo kinyozi alipokuja na ufunguo juu ya kiganja, mbele ya saluni nzima.

"Ndugu zangu mashahidi. Pikipiki hii kuanzia sasa ni ya huyu bwana. Mimi nimempa kwa moyo wangu."

Watu walipiga makofi. Sukari alitokwa na machozi, na wengi waliyaona kuwa ya shukrani. Alitoka nje, akapanda, akaiwasha kwa mkono wa kulia. Injini ikaitika. Barabara ilinyooka mbele yake mpaka kwa masikio mapya. Akapeleka mkono wa kushoto kwenye klachi.

Vidole havikufunga. Alivilazimisha, na maumivu yakapanda hadi kwapani, na kitu cha uvuguvugu kikatiririka ndani ya kitambaa. Pikipiki ilinguruma, ikangoja. Watu nao wakangoja. Hakuna pikipiki duniani inayoondoka kwa ulimi.

"Zima," ilisema sauti ndogo pembeni yake. "Haya, shuka. Twende."

Katika chumba cha vidonda Shangazi alikifungua kitambaa taratibu. Alitazama kwa muda. Hakukunja hata uso.

"Umepaka nini?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

Sukari alitazama ukuta. "Dawa ya meno."

"Umeng'atwa na meno, ukapaka dawa ya meno."

"Nilifikiri..."

"Na hii nyeusi?"

"Hiyo nayo ni dawa, Shangazi. Ya viatu."

"Nyoka hana hata viatu," alisema Shangazi, na akavuta taa karibu.

Kutoka chini ya kidole gumba mstari mwekundu ulikuwa umepanda juu ya mkono, ukakaribia kiwiko. Daktari aliitwa, akatazama, akabonyeza kwapani palipoota kijivimbe kama njugu, akaandika sindano za kuua wadudu na kumwambia Shangazi kidonda kifunguliwe. Alipoondoka, Sukari aliuliza kwa sauti ambayo haikuwa na sukari hata punje: "Mkono wangu utakatwa?"

"Ungengoja tena, tungezungumza mengine." Shangazi alichukua kalamu, akachora mstari kwenye ngozi pale wekundu ulipoishia. "Huu ni mpaka. Wekundu ukiuvuka, saa yoyote ile, unakwenda hospitali kubwa, hata ukibebwa. Ukirudi nyuma, tunashukuru. Sasa tazama kule."

Alimchoma ganzi, akafungua, akaosha. Usaha ulitoka, na maji ya chumvi yakafuata, mengi. Kisha kibano kilisimama. Shangazi aliinua kitu mbele ya taa: kitu chembamba, kilichopinda, kidogo kuliko punje ya mchele.

"Jino," alisema. "Uliuvuta mkono, likavunjikia ndani. Kumbe dawa ya meno ulikuwa umeiweka mahali pake."

Sukari alilitazama. Alitaka kucheka, mkono ukamkataza.

"Na bila shaka utasema wewe si mwizi," aliendelea Shangazi polepole, akiliweka jino kwenye sahani. "Umemwibia hata nyoka. Yeye litaota jingine. Wewe vidole vya akiba unavyo vingapi?"

Sukari alitafuta neno tamu, akakuta pamekauka.

"Shangazi, ulijua tangu lini?"

"Siku ile ya kwanza mkono ulinuka kuku. Lakini mtu aliyeumwa ameumwa, hata akijitakia, na mimi siulizi kidonda kimetoka kwa nani. Nilikungoja siku ya pili, hukuja. Jana mwanangu yule akanieleza kitambaa ulichojifunga, akaniuliza, Shangazi, nimpe pikipiki au nisimpe? Nikamwambia mpe. Mwenye mkono wa namna ile haendi mbali nayo, na akikwama atakwama mlangoni pangu."

Nje pikipiki iliwaka. Sukari aliinua kichwa. Kinyozi alichungulia dirishani, kofia ya chuma kichwani, uso umejaa heshima.

"Bosi, naazima chombo chako kidogo. Shangazi anataka shashi ya kufungia vidonda na maji ya chumvi, na wateja wawili wazee wameomba wanyolewe nyumbani. Ila mafuta yamekaribia kwisha, na mwenye chombo ni wewe. Halafu kesho ukae pale pale karibu na kioo, tafadhali. Tangu utoke leo mchana, watu wanaondoka na nywele zao."

Alipokwisha kwenda, mngurumo ukipungua upande ule ule ambao Sukari alikuwa ameupanga, Shangazi alichukua ukanda mwembamba wa shashi na kuanza kuuingiza kidondani, kidogo kidogo.

"Hukishoni?" aliuliza Sukari.

"Hiki hakishonwi. Ukifunga juu, unafungia uchafu ndani. Kinaachwa wazi, kinaoshwa kila siku, kinajaa chenyewe kutoka chini. Leo tumeanza tu." Alifunga bandeji nyeupe juu yake. "Kesho asubuhi uje kabla ya chai. Usinywe kitu. Nataka kukupima sukari kweli kweli."

Sukari aliutazama mstari wa kalamu. Wekundu ulikuwa umesimama chini yake, unautazama pia.

"Shangazi."

"Naam."

"Naumwa."

Shangazi alizima taa ya kidonda, akaiacha sahani yenye jino pale pale mezani, na vifaa vya kesho karibu yake.

"Sasa umesema," alimwambia. "Kesho, bila chai."