Mkrismasi Wangu na Wageni Wake

Jumamosi, 1 Desemba 1956
Mkrismasi wangu umechanua! Mwekundu mtupu, Kiembe Samaki nzima hakuna mfano wake. Niliupanda mwaka aliofariki mke wangu, kwa hesabu moja tu: ukichanua, watu watakuja kukaa chini yake. Nimetandika mkeka. Nimepika kahawa, birika zima. Hakuja mtu. Wote wako barazani kwa Jecha, ng'ambo ya njia, wanacheza bao. Jecha hana hata mchicha!

Jumapili, 2 Desemba
Wamekuja ndege chozi wawili, na nyuki. Jirani yangu Bi Kazija alipita na kapu lake. Nikamwita aje autazame mti. Akauliza unazaa nini. Nikasema hauzai, ni wa kutazamwa tu. Akasema haya, mashaallah, akaenda zake sokoni. Lakini wale chozi aliwatazama! Basi ndege na nyuki wakizidi, watu watakuja kushangaa.

Jumatatu, 3 Desemba
Nimechemsha shira ya sukari, nimepanda juu, nimepaka matawi yote. Jecha akapiga kelele toka barazani: "Bwana Machano, unaupaka mti hina? Harusi lini?" Wakaangua kicheko. Shauri yao.

Jumanne, 4 Desemba
Nyuki. Mzinga mzima! Nilikuwa juu naongeza shira. Nimeshuka bila ya ngazi. Jecha ndiye aliyekuja mbio, akanifunika shuka, akanikokota ndani.

Jumatano, 5 Desemba
Jicho moja halifunguki. Siku njema kabisa! Nyumba imejaa watu. Bi Kazija kaniletea uji, kaniuliza, "Bwana Machano, umeamkaje?" Tangu mke wangu afariki, hakuna aliyeniuliza hivyo asubuhi. Nikajifunika shuka usoni. Wakadhani ni jicho linaniuma.

Ijumaa, 7 Desemba
Uvimbe umekwisha. Na wageni wamekwisha. Nimejipaka masizi chini ya jicho, lionekane bado bovu, nikakaa mlangoni. Bi Kazija akaniambia nna uchafu usoni, nikanawe.

Jumamosi, 8 Desemba
Jecha kavuka njia mwenyewe. Kasema kahawa tayari, nafasi ipo, "njoo ukae na sisi, bwana." Nikamwambia ahsante, leo sina nafasi. Nnachimba shimo. Nshapata mche wa mlangilangi. Maua yake hunukia mtaa mzima. Huo ukichanua, wallahi, watu watajaa hapa. Ni kungoja miaka mitatu tu.