Fahali wa Jilo na Wageni wa Kambini

Jumamosi, 4 Agosti 1956

Siku ya soko. Garsen imejaa watu na mbuzi, na mbuzi ndio wenye adabu zaidi. Tamar, mke wangu, alitandika mkeka wake mahali pale pale: ndizi, maboga, na mchele mpya wa shamba la mama yake kule Ngao. Kufikia adhuhuri alikuwa ameuza boga moja. Mimi nilisimama nyuma yake nikifikiri. Kufikiri ni kazi, ingawa Tamar hajakubali.

Changawa akapita. Kofia ya jua kichwani, filimbi shingoni. Filimbi ya nini, sijui. Yeye ndiye anayepeleka vyakula kwenye kambi ya wapimaji wa barabara, na kila kitu huagiza Malindi kwa basi. Hata vitunguu! Mboga za soko letu hazitupii jicho. Alimsalimu Tamar vizuri, mimi akaniita kijana. Nina miaka thelathini na mmoja!

Kisha, habari njema. Karisa, mpishi wa kambi, alikuja kununua tumbaku akanilalamikia. Jumamosi ijayo bwana wake Mzungu ana wageni wanne kutoka Mombasa, na kabichi za Changawa hushuka kwenye basi zimechoka kuliko abiria. Nikamuuliza, je, akipata mtu wa kumletea nyama laini na mboga bora? Akasema mtu huyo atakuwa mtu wake daima.

Daima!

Jioni Tamar alisema neno lake, bila hasira, na hilo ndilo linalonitisha. Alisema tumekaa Garsen mwaka mzima na bado hajaona tulichokifuata. Soko lijalo likiwa kama la leo, atakunja mkeka arudi Ngao akalime na mama yake. Mimi nikipenda, nifuate. Nikamwambia asubiri Jumamosi. Akasema ndivyo alivyosema.

Jumapili, 5 Agosti

Kanisani. Mahubiri yalihusu subira. Sikuyasikia yote maana nilikuwa na haraka ya kupanga mambo.

Mchana nilichora ng'ombe. Niliwahi kufanya kazi jikoni katika hoteli moja ya Malindi, miezi mitano, idara ya kuosha masufuria. Ukutani palikuwa na picha ya ng'ombe aliyegawanywa kwa mistari kama ramani, na kila kipande kina jina lake la Kizungu. Nimeikumbuka yote, isipokuwa majina. Tamar aliitazama kazi yangu akauliza kama huyo ni mbwa.

Jumatatu, 6 Agosti

Nimekwenda kwa Mzee Wario, mchinjaji. Bucha lake ni paa la makuti, gogo la kukatia, shoka moja na visu viwili. Babu yake alichinja hapo, baba yake akachinja hapo, naye anachinja hapo. Gogo limebonyea katikati kama mto wa kulalia.

Nilimwonyesha picha. Aliigeuza huku na huku, akauliza pembe ziko wapi. Nikamweleza kwamba wazungu hawali pembe. Nikamwonyesha kipande cha mgongoni, kile laini kuliko vyote, ambacho hotelini kilikuwa na jina la kupendeza. Akasema hiyo ni sarara, haina haja ya picha. Tena ina mwenyewe. Kila akichinja, sarara ni ya Mama Mbeyu, kwa sababu Mama Mbeyu hana hata jino moja. Baba yake alimwachia wasia huo.

Nilimwambia huu ni wakati wa maendeleo. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Sasa Nehemiah, wewe nataka nyama ama nataka picha?"

Wateja walicheka. Mmoja wao alikuwa Changawa.

Basi. Simhitaji Wario. Nitanunua ng'ombe mwenyewe kwa wafugaji, nimpite Wario juu kama tai.

Jumanne, 7 Agosti

Siku kubwa! Nimevuka mto asubuhi kwa kivuko cha kamba, mimi na baiskeli yangu. Ng'ambo nikamkuta mfugaji wa Kiorma, jina lake Jilo, mrefu, mkimya, ana fahali mwekundu mwenye nundu ya kutamanisha. Nikambembeleza. Tukabadilishana: yeye baiskeli, mimi fahali. Jilo hajui kupanda baiskeli. Aliondoka akiikokota kando yake kama ndama.

Fahali aliingia kivukoni bila taabu. Nikajisifu kwa abiria. Niliwaeleza kwamba ng'ombe humtambua mtu mwenye mamlaka. Tulipofika katikati ya mto, Jilo akaanza kuimba kule ng'ambo. Si kwa ubaya, alikuwa anawaimbia ng'ombe wake wanywe maji, ndiyo desturi yao. Fahali akainua masikio. Kisha akajitupa majini, bwata! Akaogelea moja kwa moja hadi kwenye wimbo.

Mimi nilibaki na kamba. Mzee mmoja kivukoni aliniuliza kama bado wananitambua.

Jumatano, 8 Agosti

Sikutoka nyumbani asubuhi. Tamar hakuuliza habari za baiskeli. Amehesabu magunia yake na kuyakunja vizuri.

Saa nane hodi mlangoni. Jilo! Fahali upande mmoja, baiskeli upande mwingine. Amevuka mto navyo vyote viwili. Alisema kwa Kiswahili chake kifupi: "Ng'ombe hii yako. Lakini yeye hajui."

Nilitaka kumkumbatia ila ni mtu wa heshima. Tamar akampa uji wa mchele. Alipokuwa akinywa nikamuuliza anakwenda wapi baadaye. Akasema kumsalimu kaka yake hapa mjini. Kaka yake nani? Wario, yule mchinjaji.

Ng'ombe wote wanaochinjwa kwa Wario hutoka zizini kwa Jilo. Toka enzi za babu yao. Nilivuka mto mzima kumkwepa Wario, nikaenda kununua kwa Wario!

Tamar alilazimika kutoka nje. Nilimsikia akicheka nyuma ya nyumba. Ni mara ya kwanza tangu Pasaka.

Alhamisi, 9 Agosti

Sikuwa na njia nyingine. Nikichinja mimi, nusu ya Garsen haitagusa nyama hiyo, na Karisa amesema wafanyakazi wa kambi pia ni Waislamu. Nikampeleka fahali kwa Mzee Wario, nikiwa na hotuba ya kujitetea. Hakuitaka. Aliuliza tu: leo ama Jumamosi?

Leo, nikasema. Nakumbuka hotelini nyama ilitundikwa siku kadhaa ndipo ilainike. Wario akakuna ndevu. Akasema nyama ya Garsen haijui kungoja. Ichinjwe alfajiri, iliwe jua halijazama. Nikamwambia kuna elimu ambayo haijafika hapa. Akasema labda iko njiani.

Akachinja. Nilikaa karibu nikamtazama akikata, na lazima niandike ukweli: sijaona mkono kama ule. Hakupima chochote. Alimtazama mtu usoni, kisha akakata. Mwanamke aliyejifungua juzi alipewa mifupa ya supu na mafuta kidogo juu yake, hata hakuomba. Mtu mwenye watoto wengi akapewa shingo, maana shingo huchemka siku nzima na hunenepesha mchuzi. Mama Mbeyu alipokea sarara yake akambariki Wario, mke wake, gogo na shoka.

Mimi nilichukua paja moja la nyuma. Nyama iliyobaki ni yake Wario, naye Jilo akanirudishia baiskeli. Alisema inamchosha, haili majani na bado haitembei yenyewe. Watu wema sana hawa ndugu wawili. Lakini hawana mbinu.

Ijumaa, 10 Agosti

Paja limetundikwa barazani, limefunikwa gunia la maji. Kila baada ya muda namwaga maji. Joto kali. Nzi wamepata habari.

Saa tisa Tamar alisema paja linanuka. Nikamwambia ndiyo harufu ya kulainika. Jirani wa kushoto amehamishia mkeka wake upande wa kulia wa nyumba yake. Jioni nimeandika kikaratasi, "Nyama ya Daraja la Kwanza", nikakibandika. Kimeanguka chenyewe.

Jumamosi, 11 Agosti

Nitaandika polepole, nisisahau kitu.

Nilifika kambini saa mbili na paja langu, nimelifunga kwa majani ya migomba. Changawa naye akafika na kabichi zake. Basi lilikwama mchangani usiku kucha. Kabichi zilikuwa kama matambara ya kudekia. Tukatazamana, kila mmoja akifurahia msiba wa mwenzake.

Karisa akafungua majani ya migomba. Akarudi nyuma hatua tatu. Akafunga tena. Sijawahi kuona mtu akifunga kitu haraka namna ile. Hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi. Alikaa juu ya ndoo akashika kichwa. Alisema wageni wanakula saa saba, na yeye ana watoto watano Kaloleni wanaomtegemea. Bwana akiaibika leo, kesho yeye yuko barabarani na sanduku lake.

Nilimhurumia kweli. Sikufikiri kwa ujanja, mara hii tu. Nikamwambia apande nyuma ya baiskeli yangu, twende sokoni akaone mwenyewe.

Nilimkanyagia mbio. Kwanza kwa Wario, aliyechinja alfajiri. Nyama ilikuwa bado ina joto la uhai. Karisa akaigusa kwa kidole, akafumba macho kama anayesali. Akaomba ile laini ya mgongoni. Wario akasema hana ruhusa ya kuitoa, mwenyewe yule pale, amwombe.

Mama Mbeyu alikuwa amekaa kivulini na kikapu chake. Karisa, mpishi wa wazungu, na aproni yake nyeupe, akachuchumaa mbele yake. Akamwamkia. Akamweleza habari ya wageni, na ya watoto watano. Bibi akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema:

"Mjukuu wangu, chukua. Mimi leo nitakula maini. Lakini usiikaushe motoni. Kuikausha ni dhambi."

Wario akampa maini, na figo zote mbili juu yake.

Kisha mboga. Nikampeleka kwa Tamar. Tamar hakumpigia kelele za kuuza. Alivunja boga moja ili Karisa aione rangi yake, akamwekea mchele kiganjani aunuse. Akamwuliza wageni ni wangapi na kama wana wazee. Akamchagulia ndizi za leo upande huu, za kesho upande ule. Karisa alinunua nusu ya mkeka. Watu walipomwona mpishi wa kambi ameinama pale, wakaja kuona kuna nini. Kufikia saa sita mkeka ulikuwa mkeka mtupu.

Tamar aliukung'uta, akaukunja. Nikasimama tuli, sikujua anaukunja kwenda wapi. Akaniwekea begani akasema twende nyumbani, ana njaa.

Nyumbani! Hakusema Ngao.

Jumatatu, 13 Agosti

Karisa amepita. Wageni walikula hadi wakanyamaza. Bwana ameuliza nyama hiyo na boga hilo vilikuwa vimefichwa wapi miezi yote hii. Kuanzia sasa Karisa atakuja sokoni mwenyewe kila Jumamosi: nyama kwa Wario, vyakula vya shamba kwa Tamar. Hataki tena mtu wa kati, awe na filimbi au asiwe nayo. Nikamkumbusha kuhusu "daima". Akacheka akanipiga bega, akadhani natania.

Tamar amemtumia mama yake salamu alete mchele zaidi, na mbegu za bamia. Amempata jirani wa kuongeza mkeka wa pili. Anaimba akipika. Aliniambia leo kwamba nilifanya vizuri kumleta Karisa. Nikamwambia ndiyo mpango wenyewe, tangu mwanzo. Akaniongezea wali.

Nimelizika paja. Mbali.

Alhamisi, 16 Agosti

Nimetafakari kwa kina makosa ya juma lililopita. Kosa lilikuwa moja tu: ng'ombe. Ng'ombe ni mnyama wa watu wengine, ana ukoo, ana nyimbo. Nimepata kitu ambacho hakuna mtu Garsen amekifikiria.

Bata!

Bata hahitaji malisho, mto upo. Hahitaji mchungaji wala zizi. Namfungulia asubuhi anajiendea majini, jioni anarudi ameshiba. Nimekwishaagiza kumi na wawili. Tamar ameuliza kuhusu mamba. Swali zuri, na nilikuwa nimekwisha kulichunguza. Mamba hawali bata, manyoya huwakwama kooni. Nimeambiwa na mtu anayeujua mto huu vizuri, aliyekuja mwenyewe hadi mlangoni kunitia moyo, tena alinishika mkono kwa furaha.

Kumbe Changawa si mtu mbaya.