Macho ya Mzee Shee

Jumatatu, 3 Machi 1947. Kisauni.

Leo nyoka kaanguka kutoka paa la makuti, katikati ya baraza la kahawa. Watu wote wakamkodolea macho. Abdillahi alikuwa amevaa kanzu mpya ya melimeli na hakuna hata mmoja aliyeiona. Nilifurahi, kisha nikafikiri. Jicho ni mtumwa wa moyo. Moyo ukishikwa na kitu, jicho halina ruhusa ya kwenda pengine. Watu wa hapa wana macho tangu kuzaliwa na hawajalijua hilo. Nimelijua mimi, fundi wa kuwamba vitanda.

Namtaka Barke, binti wa Mzee Shee. Abdillahi naye anamtaka, na wazee wake wameshapeleka posa. Jibu bado. Mamangu ananiambia nami nipeleke wazee, mambo yaende kwa adabu. Lakini Mzee Shee hanijui. Nimewamba vitanda uani kwake mara nyingi na hajapata kunitazama usoni. Wazee wakamposee nani, kivuli? Kwanza nionekane.

Jumanne, 4 Machi.

Nimeanza na hasira. Baada ya adhuhuri nilificha makubadhi ya Mzee Shee nyuma ya birika la msikiti. Hesabu yangu: atakasirika, atatafuta, nami nitatokea nayo mkononi. Alikasirika kweli. Akasimama anapatazama pale mahali patupu. Nikatokea, nikamwamkia shikamoo kwa sauti. Akayatazama makubadhi. Akayapokea, akayavaa huku akiyatazama, akaenda zake akiyatazama. Marahaba aliitika, lakini aliyaitikia makubadhi.

Hesabu haikuwa mbaya. Kosa ni kwamba mzee anavipenda mno viatu vyake.

Alhamisi, 6 Machi.

Mzee Kombo amefariki alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Ni kaka mkubwa wa Mzee Shee, ami yake Barke. Kwangu ni zaidi ya hapo. Ndiye aliyenifundisha kazi: kuloweka kamba, kuivuta kwa goti, kutoiacha ikalegea pembeni. Alikuwa akisema kitanda ni amana, kwa sababu mtu hukilalia akiwa hajui la mbele wala la nyuma. Nimehuzunika sana.

Nilipokwenda kutoa pole nilimkuta Mzee Shee ameketi mkekani. Watu wanamshika mkono, yeye anautazama mlango wa chumba alimolazwa nduguye. Hauachi. Nikaelewa. Mwenye msiba haoni watu, humwona maiti wake tu. Kesho macho yake yatakuwa kwenye jeneza. Basi nami nitakuwa chini ya jeneza. Mungu anisamehe, nilikuwa nalia wakati nikiwaza haya.

Ijumaa, 7 Machi.

Tumemzika baada ya sala ya Ijumaa. Kwetu jeneza hupokezanwa. Unabeba hatua chache, unampisha aliye nyuma yako, ili kila mtu apate thawabu zake. Mzee Shee alikuwa akifuata nyuma, kwa hiyo nilishika mti wa nyuma, nikautia begani, sikuuachia. Wa kwanza akanigusa, nikajifanya sina habari. Wa pili akaniambia taratibu nimpishe. Nikazidisha sauti ya kalima.

Tulipopita chini ya madirisha ya Mzee Shee, Abdillahi akaja kuupokea mti. Nikavuta. Yeye akadhani umekwama, naye akavuta. Jeneza likaenda upande. Mikono ikaruka kutoka kila mahali, likakaa sawa, alhamdulillahi.

Mzee Shee akanitazama. Usoni hasa, na kwa muda mrefu. Akauliza huyu ni mwana wa nani. Wakamwambia.

Nilitolewa nikapelekwa nyuma kabisa. Kaburini sikufika karibu, hata mchanga sikutia. Hilo limeniuma. Mzee Kombo nilitaka kumtilia mchanga kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini nimeonekana, na jina langu limetajwa mbele ya mzee.

Jumatatu, 10 Machi.

Mamangu amerudi kutoka matangani. Kabla hata ya kuvua buibui akaniambia niketi. Alikuwa ameketi na Bi Mwanarehema, shangazi yake Barke, na haya ndiyo aliyoambiwa.

Mwaka mzima Barke alikuwa akiuliza kama yule fundi wa vitanda ana wazee au hana. Nikiwamba uani, yeye alikuwa nyuma ya pazia la mlango, akinitazama. Jibu la Abdillahi alilichelewesha makusudi, akiwangojea watu wangu. Siku ya mazishi walimwambia atoke dirishani, akakataa, kwa kuwa alijua nitapita. Jeneza likapita, yeye akanitazama mimi. Akaniona ninaugombea mti juu ya maiti ya ami yake. Jana amesema awe Abdillahi.

Nililia mbele ya mamangu, mtu mzima na ndevu zangu. Akaningoja. Kisha akaniuliza, bila ukali, kama nilipokuwa uani kwao niliwahi kumwona pale mlangoni. Nikamjibu kwamba pazia lenyewe silikumbuki. Nakikumbuka kiti cha babake, kimekatika mkono wa kushoto.

Jumatano, 12 Machi.

Chakula hakipiti. Mamangu anasema safari nyingine nimtafute mwenye kunitazama, nami nimtazame. Hayo ni maneno ya mama, anataka nitulie.

Kosa nimelijua. Huzuni haikuwa mahali pake, huzuni hutazama kitu kimoja tu. Furaha ndiyo hutazama kila upande, hasa mlangoni, kuona nani anakuja. Harusi itakuwa baada ya arubaini. Na Mzee Shee ana binti wa pili, naye nasikia amefika umri wa kuposwa. Jina lake sijauliza, hilo halina haraka. Siku hiyo nitasimama mlangoni tangu asubuhi, mahali ambapo babake hawezi kukosa kuniona.