Samli ya Tuda Iliyoishia Chuoni

Ndugu Mwalimu Zahid,
Somo la Biolojia, Chuo cha Ualimu.

Salamu kutoka huku milimani. Mimi ni Bassou, baba yake mwanafunzi wako Tuda. Siku aliyozaliwa, miaka ishirini na tatu iliyopita, tulizika mtungi wa samli chini ya ghala, kama kila binti wa kwetu anavyozikiwa wake, ufukuliwe siku za harusi. Tuda anaolewa Jumapili. Mtungi ni mtupu. Nakulaumu wewe, kwa heshima zote, kama ifuatavyo:

1. Uliwaagiza wanafunzi walete mafuta ya kwao wayachunguze. Tuda akafukua, akachota.

2. Ulimfundisha kwamba kila seli imezungukwa na utando wa mafuta wa safu mbili, vichwa vikielekea majini, mikia ikijificha katikati. Tangu hapo, mimi na mama yake tukinuniana na kupeana migongo, anacheka: "Hebu waoneni, utando huo! Bila nyie nyumba hii ingemwagika." Hiyo ni adabu?

3. Ulimwambia mafuta ni akiba ya mwili kwa siku ngumu. Mama yangu alilijua hilo bila darubini, wala hakudai mshahara.

4. Ulisema homoni kadhaa hutokana na mafuta, na vitamini A, D, E na K hazifyonzwi vizuri bila mafuta. Basi maharusi watakula kuskusi kavu, vitamini zitapita bila hata kuaga, na wajukuu wangu watazaliwa na seli zisizo na utando. Ukoo mzima utavuja, Mwalimu!

Mke wangu, Itto, atafukua mtungi Alhamisi. Jana alishaniuliza, "Wee Bassou, mbona udongo wa ghalani laini hivi?" Nakuomba uniandikie barua yenye mhuri, ukiri kwamba sayansi ilitumia kilo zote tisa.

Nisalimie walimu wenzako, mpishi wa chuo, na hasa yule anayetunza mhuri.

Wako mwenye majonzi,
Bassou Ouhammou

Tanbihi: Tuda alichota kijiko kimoja tu, na nusu yake alirudi nayo. Samli yote iliyobaki nimeila mimi, kwa mkate wa moto, kila Ijumaa Itto akienda kwa dada yake. Nilianza miaka minne iliyopita, wiki ile Tuda alipoondoka kuja kwenu. Nyumba ilikuwa kimya mno, nikataka kuonja tu. Si ulisema mwenyewe ni akiba ya siku ngumu? Sasa Jumapili anaondoka moja kwa moja, na mtungi hauna kitu.